Pikipiki Isiyozimika

Kazi nilifundishwa Masasi, kwenye gereji ya mzee mmoja aliyekuwa akipiga kelele kutwa nzima. Ukimletea spana isiyo yenyewe, anapiga kelele. Ukimletea yenyewe, anakushukuru kwa kelele zile zile. Sisi wanafunzi wake tulimwona mtu mkali sana na tulimwigiza akigeuza mgongo. Hakutaka tuguse pikipiki kabla hatujaisikiliza. "Washa, nyamaza, sikia!" Basi tunawasha, tunanyamaza, na yeye anagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye silinda, mpini anaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho. Akiyafumbua anatuambia valvu imelegea, au cheni ya ndani imechoka, au mafuta yanakuja machache, halafu anatuachia tufungue.

Niliipenda kazi ile kwa sababu ya kusikiliza. Kushika mafuta machafu hakuna anayekupenda, hata mama yangu alikuwa akinitengea kiti changu peke yangu. Lakini sikio nilikuwa nalo. Nasema hivyo bila kujisifu, maana leo sina cha kujisifia.

Pikipiki ikiwashwa ikaachwa isimame bila kuvutwa mafuta, ina mngurumo wake mdogo. Sisi mafundi tunauita silensa. Silensa nzuri inakwenda sawasawa, kama pumzi ya mtu aliyelala ameshiba. Hewa ikizidi, inaharakisha, inasita, inaharakisha tena. Mafuta yakizidi, inakuwa nzito na kukohoa. Ubavuni mwa kabureta kuna skrubu ndogo ya hewa. Unaizungusha kidogo kidogo huku umetega sikio, na kuna mahali ambapo mngurumo unainuka wenyewe kisha unatulia. Mahali hapo huwezi kumwonyesha mtu kwa kidole. Ukipapita kidogo tu, umepapoteza, unaanza upya. Siku ya kwanza nilipopapata bila kusaidiwa, mzee alipiga kelele majirani wakatoka nje kuuliza kuna nini. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu mwenye mali.

Nilipoiva nikapanda kwetu Newala, nikafungua gereji yangu ya mabati kando ya barabara, na mke wangu akaweka jiko lake la kukaangia korosho chini ya upenu ule ule. Mimi nanuka petroli, yeye ananuka moshi wa maganda, tukawa tunatambuana hata gizani. Kazi ilikuwepo. Pikipiki iliyowekwa sawa Masasi, ikifika huku juu, inakuwa imezidiwa mafuta, kwa sababu hewa ya mlimani ni nyepesi. Mtu analalamika pikipiki yake ilikuwa nzima jana, leo inakohoa. Nazungusha skrubu, nasikiliza, namwambia nenda. Watu walidhani nina dawa.

Kisha zikaja ekzosi.

Huku kwetu mwali hatoki kimya. Mtoto akimaliza mafunzo yake ya jando au unyago, wa kiume au wa kike, siku ya kutoka kwake anayetazamwa zaidi ni mjomba, kaka wa mama yake. Nguo mpya za mwali, miavuli, wali, ngoma, yote yanamhusu mjomba. Zamani ngoma zilitosha. Siku hizi lazima pikipiki zitangulie, nyingi, zimefungwa vitenge na maputo, na lazima zilie. Madereva wanavuta mafuta, wanazima swichi na kuiwasha tena ghafla, ekzosi inapasuka kama bunduki, kina mama wanapiga vigelegele, mwali huko juu mabegani anafumba macho. Mjomba aliyeleta pikipiki za kimya husemwa mpaka msimu mwingine kwamba sherehe yake ilikuwa kama mazishi. Nimewaona wajomba wakigombana na dada zao kwa ajili ya kelele tu.

Basi msimu ukikaribia, korosho zikiwa zimeshauzwa na watu wana uso wa furaha, vijana wa kijiwe, madereva wa bodaboda, wanaingia gerejini kwangu mmoja baada ya mwingine, wakiniita njomba, yaani mjomba.

"Njomba, nataka ilie."

"Ilie kiasi gani?"

"Ilie mpaka Tandahimba wasikie."

Kutoboa ekzosi hakuhitaji akili nyingi. Ndani ya ule mtungi wa nyuma kuna mabati yenye matundu, yamepangwa ili moshi uzunguke na kuchoka kabla haujatoka nje. Unakata kitako cha mtungi, unang'oa mabati, unachomelea bomba tupu. Wengine wanataka mtungi wote uondoke. Kijana anapiga resi, anacheka, anaapa kwamba pikipiki imeongezeka nguvu. Hapo ndipo nilipokuwa nakasirika.

Sauti si nguvu. Nimelisema neno hili mpaka ulimi umechoka. Injini ndogo kama hizi zinataka moshi utoke kwa mpango. Moshi ukitoka ovyo, hewa inayoingia inazidi, kabureta nayo inaendelea kutoa mafuta yale yale iliyozoea, na injini inakaa na njaa. Inapata joto kupita kiasi. Plagi, ambayo ikifunguliwa inatakiwa iwe na rangi ya chai ya maziwa, inatoka nyeupe kama jivu. Kweli, kwenye tambarare, ukivuta mpaka mwisho, pengine itakimbia zaidi kidogo. Lakini nani huku anavuta mpaka mwisho kwenye tambarare? Kazi yetu ni kupanda mlima na madumu ya maji, au gunia, au mama na watoto wake, kwa gia ndogo na mwendo mdogo, na ni katika mwendo mdogo ndipo ekzosi tupu inapokuibia nguvu. Dereva akiona haipandi, anavuta mafuta zaidi. Kelele zinaongezeka, yeye anaridhika.

Kwa hiyo ukitoboa ekzosi, lazima na kabureta uiguse. Uweke jeti kubwa zaidi, yaani kile kitundu cha shaba kinachopitisha mafuta, uinue sindano yake kidogo, kisha urudi kwenye skrubu ya hewa uanze kusikiliza upya. Na siku ukiziba ekzosi, urudishe vyote kama vilivyokuwa. Ekzosi na kabureta ni mke na mume. Huwezi kumhamisha mmoja ukategemea mwingine aendelee kupika vile vile. Wachache walinielewa. Wengi waliona ni ujanja wa fundi wa kujiongezea kazi, wakaondoka na bomba tupu na kabureta ya zamani, wakamsindikiza mwali, na kesho yake wakaendelea kubeba abiria. Baada ya muda wananirudia na valvu iliyoungua, wamenuna, kama vile mimi ndiye niliyevuta mafuta.

Mabati niliyong'oa nilikuwa nayatunga kwenye waya ukutani, kwa sababu kila mmoja alisema atarudi kuziba msimu ukiisha. Hawakurudi. Waya ulijaa, nikaongeza mwingine.

Na kichwa changu mimi kilikuwa wapi muda wote huo? Kilikuwa nyuma ya ekzosi hizo. Pikipiki iliyotobolewa huwezi kuiweka sawa kwa kukaa mbali, lazima uiname, bisibisi kwenye skrubu, sikio likiwa jirani na bomba. Mke wangu alinifungia kitambaa masikioni, nikakitoa. Fundi gani anaziba sikio ndipo asikilize?

Ilianza na simu. Inalia mfukoni mwangu, watu wananitazama, mimi naendelea kufungua nati. Kisha nikaanza kuuliza kama adhana imeshatoka. Mke wangu akafikiri nimekuwa mvivu wa swala, akanisema mbele ya shemeji zangu, nami nikanyamaza, maana uvivu una toba. Kisha sauti za wanawake zikaanza kunipotea, hasa wakisema upesi. Nikawa nacheka watu wakicheka. Ukicheka baada ya wenzako kidogo, wanakuona mjinga, lakini mjinga anaachwa aendelee na kazi yake.

Mama mkwe alinitilia mafuta ya kitunguu saumu. Nikanuka mchuzi, sikio likabaki vile vile. Hatimaye nikaenda hospitali ya mkoa, nikawekewa vidude masikioni, nikaambiwa niinue mkono kila nikisikia mlio. Nilikaa nikisubiri mlio uanze, kumbe kipimo kilikuwa kimekwisha. Daktari, kijana mpole, alisogea akaniambia kwa sauti kubwa na taratibu, kama mtu anayezungumza na mtoto, kwamba ndani ya sikio kuna vinyweleo vinavyopokea sauti, na vikishakufa havioti tena. Nikamuuliza dawa. Akatikisa kichwa. Akaniambia nijiepushe na kelele. Nilimtazama nikaona hajui ninafanya kazi gani, na sikuona faida ya kumweleza.

Nilimuuliza pia kuhusu mlio, kwa sababu mlio ninao. Wengine husema wanasikia nyenje, wengine kengele. Wangu ni pikipiki. Iko kwenye silensa, mbali kidogo, kama imeegeshwa nyuma ya nyumba. Siku za mwanzo nilikuwa natoka nje kuangalia nani amekuja. Daktari alisema mlio huo hautoki nje, kichwa chenyewe kinautengeneza kujaza mahali palipobaki patupu, na hakuna swichi ya kuuzima. Niliporudi Newala nilimwambia mke wangu kwamba wamesema nitazoea. Watu wetu wana methali, sikio la kufa halisikii dawa, na humtupia mtu mbishi. Mimi sikuwahi kuwa mbishi hospitalini. Niliinua mkono pale nilipoweza.

Ndipo nikamkumbuka mzee wangu wa Masasi, ambaye ameshafariki. Kelele zake zote zile. Tulikuwa tunamwigiza mtu ambaye hakuwa akijisikia mwenyewe. Nilikaa juu ya tairi nikalia, sioni haya kusema, na pia sikujua kama nalia kwa sauti au kimya.

Mtu akiambiwa mguu wake umekwisha, hutafuta fimbo. Mimi nilitafuta fimbo ya sikio. Rangi ya plagi inasema, ndiyo, lakini inasema ya safari iliyopita. Unatakiwa uweke, dereva aende, arudi, ufungue, utazame, uweke tena, na dereva wa kijiwe hana subira hiyo wakati ng'ambo ya barabara kuna fundi mwingine mwenye masikio mawili mazima. Nilijaribu mkono, kulishika tangi la mafuta nihisi mtetemo. Mkono unajua inapokohoa sana. Mahali penyewe, pale inapoinuka na kutulia, mkono haupajui.

Kisha nikagundua kwamba pikipiki ikiwa haina ekzosi kabisa, bado naisikia. Hafifu, lakini naisikia. Yenye ekzosi nzima inawashwa mbele yangu kama picha, naona moshi tu. Ukiilegeza ekzosi, ukaitoa, tundu la moshi likabaki wazi kwenye silinda, sauti inarudi. Furaha niliyoipata siku hiyo! Nikawa kila pikipiki inayoingia, hata ya mwalimu, hata ya shehe, naitoa ekzosi kwanza. Naiweka sawa kwa jeti, sindano na skrubu mpaka inatulia vizuri, kisha naifunga ekzosi yake, namkabidhi mwenyewe. Mtaa ulilalamika kwa kelele. Mke wangu alisogeza jiko lake upande wa pili wa nyumba.

Wewe unayesoma pengine umeshaona kosa. Mimi mwenyewe nililiona, na nililiona mapema, lakini kuona hakukunisaidia. Pikipiki niliyoiweka sawa ikiwa wazi, nimeipa mafuta ya ekzosi iliyo wazi. Nikiifungia ekzosi nzima, moshi unarudi kwenye mpango wake wa zamani, hewa inapungua, na mafuta yanabaki mengi. Inafika mtaa wa pili inakohoa. Plagi inakuwa nyeusi tii. Inakunywa petroli, inanuka, na ikishika mlima inasonga. Wateja wakaanza kunirudia.

"Fundi, uliyonitengenezea juzi haipandi."

Nilijua sababu kabla hawajamaliza kusema. Nilijaribu kukisia, nikaiweka sawa kwa sikio kisha nikaipunguza kidogo kwa kukadiria, nusu ya nusu, kama mpishi anayetia chumvi bila kuonja. Mara nyingine ilikubali. Mara nyingi ilikataa, kwa sababu hakuna pikipiki mbili zinazofanana na hakuna njia ya kukadiria kitu ambacho kazi yake ni kusikilizwa. Mganga hajigangi, na fundi wa sikio hawezi kujifungua kichwa akabadilisha kilichochakaa.

Ndipo mke wangu akawa sikio langu. Alijitolea mwenyewe. Aliinuka kwenye korosho zake, mikono myeusi kwa utomvu wa maganda, akachuchumaa upande wa pili wa pikipiki iliyofungwa ekzosi yake nzima, akaniambia nizungushe. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, ila bila kelele. Nazungusha, namtazama. Akitikisa kichwa, naendelea. Akiinua kidole, naacha. Tulicheka sana siku za mwanzo. Nilimwambia tungeoana gerejini tungeokoa muda. Pikipiki chache zilitoka vizuri, na jioni nilikuwa nakaa naye upenuni nikila mihogo, nikijiona bado nina kazi.

Lakini siku moja nilikuwa na pikipiki ya kijana wa Lupaso, nazungusha skrubu, na nikaona kitu. Mke wangu hakuwa anaitazama injini wala hakuwa ameinamisha kichwa kusikiliza. Alikuwa ananitazama mimi usoni. Nikafanya jaribio la kishenzi. Nikazungusha skrubu mpaka mwisho kabisa, mahali ambapo hakuna pikipiki duniani inayokubali, na nikauweka uso wangu kama uso wa mtu aliyeridhika.

Akainua kidole.

Sikumkasirikia. Ningemkasirikia vipi? Nilimuuliza tu ni tangu lini. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia polepole ili nimsome midomo, "Baba watoto, mimi zote naziona zinalia sawa. Nilikuwa nangoja ufurahi." Kumbe zile zilizotoka vizuri zilitoka kwa bahati. Alirudi kwenye korosho zake, na hatukuzungumzia tena jambo hilo, wala sikumwita tena.

Wateja wakapungua. Mwalimu akahamia ng'ambo ya barabara, shehe naye, kwa heshima, akipita anainua mkono. Aliyebaki ni mkunga mmoja anayekaa huku juu, wa zahanati iliyoko bondeni, chini ya mlima, ambaye nilimtengenezea pikipiki tangu nilipofungua gereji. Mwanamke mwembamba, anaendesha mwenyewe, begi la kazi limefungwa nyuma kwa mpira. Yeye hakutaka kelele kamwe. Alipoona mabati yangu ukutani aliwahi kuniambia kwamba vichanga vinashtuka. Kila mwali aliyesindikizwa kwa makelele huku juu, yeye alimjua tangu alipotoka tumboni kimya au akilia.

Alikuja asubuhi moja anaisukuma. Aliegesha, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, fundi."

Hiyo naisoma bila shida, midomo yake inaitamka yote. "Marahaba, mwanangu. Imefanyaje tena?"

Akanieleza kwa mikono na kwa midomo. Inasonga ikipanda. Jana imemzimikia katikati ya mlima na ameisukuma mpaka juu. Kuna binti kule bondeni, mimba ya kwanza, siku zake zimefika, na anataka awe ameshuka mapema, na zaidi ya kushuka anataka awe na uhakika wa kupanda naye kama mambo yatakuwa magumu. Nilifungua plagi. Ilikuwa nyeusi kama sufuria. Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi, niliyoiweka ikiwa wazi na kuikadiria.

Mke wangu alikuwa amekwenda msibani. Nilishukuru. Niliamua kwamba hii siitoi ekzosi. Hii nitaiweka sawa ikiwa nzima, kama ilivyo, kama nilivyofundishwa. Nilisafisha plagi, nikafungua kabureta, nikatoa jeti kubwa, nikarudisha ile ndogo iliyokuja nayo kutoka kiwandani, nikashusha sindano. Nikawasha. Nikachukua bisibisi ndefu nikaweka ncha kwenye silinda na mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, nikafumba macho. Mkunga alisimama kando, mikono ameishika pamoja, na sikutaka anione nikihangaika.

Mwanzoni palikuwa na ukungu tu. Nikashika skrubu. Nikazungusha kidogo, nikasubiri, nikazungusha kidogo. Na nikaisikia. Wallahi niliisikia, mbali, lakini wazi, inainuka. Nikaacha mkono. Ikatulia. Ilikwenda sawasawa, bila kusita, bila uzito, silensa ambayo mzee wangu angeipigia kelele zisikike mpaka Nanganga. Niliondoa bisibisi sikioni nikabaki nimefumba macho, naisikiliza, na moyo wangu ulijaa kiasi kwamba niliogopa kupumua. Nilifikiri, basi, sikio bado ninalo. Kumbe lilikuwa limechoka tu.

"Sikia hiyo," nikamwambia mkunga. "Sikia inavyotulia."

Nilifumbua macho nikamtazama. Alikuwa ananitazama jinsi nilivyowaona wauguzi wakiwatazama watu wakati mwingine, kwa upole ambao haukusaidii chochote. Nikapiga kiti cha pikipiki kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mzuri, na kiganja kikabaki pale.

Kiti kilikuwa kimetulia. Nikaweka mkono kwenye tangi. Nikaweka kwenye injini yenyewe. Hakuna kilichotetemeka. Nyuma, kwenye ekzosi, hakukuwa na moshi. Sijui ilizimika saa ngapi. Labda nilipoachia skrubu, labda kabla. Ile niliyokuwa nikiisikiliza, iliyotulia vile, ilikuwa ile ya nyuma ya nyumba.

Mkunga alinisogelea akasema, "Ahsante, fundi." Alifungua begi lake kutaka kunilipa, nikamkatalia kwa mkono. Hakuipiga kiki mbele yangu. Aliiondoa stendi, akaisukuma polepole mpaka barabarani, akasimama kidogo kama anayengoja lori lipite, ingawa hakukuwa na lori, kisha akavuka kwenda kwa yule fundi wa ng'ambo. Nilimwona akiinama, fundi naye akiinama, na baada ya muda mfupi moshi mwepesi ukatoka kwenye ekzosi. Yule fundi aliinamisha kichwa upande mmoja. Nakijua kichwa kile kinavyoinama. Mkunga akapanda, akageuka, akaniinulia mkono, akateremka kuelekea bondeni.

Baadaye nilisikia, yaani niliambiwa, kwamba alifika na mtoto alizaliwa salama. Nilimshukuru Mungu. Gerejini kwangu hakuja tena, na nisingetaka aje.

Lakini asubuhi ile, mkunga alipokwisha kuteremka, nilikuwa bado nimesimama pale na bisibisi mkononi wakati kitu kilipopita kifuani mwangu, mtetemo kwanza kisha sauti, sauti kamili, yenye mwanzo na mwisho. Kijana wa kijiwe alikuwa ameingia na pikipiki ambayo bomba lake la nyuma lilishaanza kupasuka lenyewe. Mjomba wake ana mwali wa kumtoa mwezi huu. Alizima, akashuka, akasema, na nilimwelewa kabla hajafungua kinywa.

"Njomba, nataka ilie."

Nikamwambia aiingize ndani. Nikachukua msumeno, nikapiga goti nyuma ya ekzosi yake, nikasogeza sikio, nikamwambia awashe.